Kabla Hujaanza Kusaka Kazi kwa Simu

Tangazo la kazi likishatoka, siku za kutuma maombi huisha upesi. Simu iandaliwe kabla, na cha kuanzia ni laini. Vijana wengi wa Mwanjelwa, Mafinga na Makambako bado wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mjomba au dada. Simu ikiibwa, hurudishiwi namba mpaka mwenye kidole apatikane. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ikiwa unayoitumia haimo, sajili yako sasa, kabla hujaiandika kwenye barua yoyote.

Barua pepe ndiyo inayowaponza wengi kuliko wanavyodhani. Ukifunguliwa steshenari, yule kijana wa pale huweka nywila anayoijua yeye, na pengine namba yake ya simu. Mwaka unapita, unaitwa kwenye usaili, ujumbe umekaa kwenye akaunti usiyoweza kuifungua. Fungua mwenyewe, kwa namba yako, kwa jina lako halisi (zile za "mtotomzuri" waachie marafiki), na nywila uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Kisha vyeti. Kazi nyingi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na humo unahitaji namba ya NIDA na nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili. Kabla ya kwenda kwa wakili, weka cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa pamoja, usome majina herufi kwa herufi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ndiko Atupelye anapokuwa Atupele kwenye cheti kimoja, na jina la ukoo likadondosha "Mwa" kwenye kingine. Kurekebisha huko kunataka viapo na safari za ofisini. Hakumaliziki siku ya mwisho ya maombi. Vyeti viskaniwe viwe PDF, kila kimoja faili lake lenye jina linaloeleweka. Picha iliyopigwa juu ya kitanda, kivuli cha mkono kikionekana, haifai.

Kuchuma chai Mufindi, kufungasha parachichi Njombe, mashine za mbao Mafinga: kazi hizi hazisubiri portal. Hupita kwenye makundi ya WhatsApp na kwa wasimamizi, kwa hiyo tunza namba za uliofanya nao msimu uliopita, na bando lisikatike msimu ukikaribia.

Humohumo kwenye makundi ndimo matapeli walimo. Anayekudai "hela ya fomu" au "ya kupimwa afya" itumwe kwa simu ili akupe nafasi, hana kazi ya kukupa. Namba yake itume 15040. Namba ya siri ya pesa na ile ya uthibitisho inayoingia kwa meseji hazihusiani na ajira yoyote.

Na kama unapanda kulima Makete au Ileje, sehemu ambako mtandao unapatikana kilimani tu, andika kwenye maombi namba ya pili ya ndugu aliyeko mjini. Mjulishe, asije akamjibu mwajiri "umekosea namba".