Programu ya kuchorea geti kwenye kishikwambi: hatua nilizompa kijana wa karakana

Kijana ninayechomelea naye hapa Nkuhungu, Dodoma, kanunua kishikwambi, akaniuliza apakue nini cha kuchorea mageti na grili. Nilimpa hatua hizi.

Hatua ya 1. Tazama kishikwambi ni cha aina gani. Kama ni Android, sahau programu ya Shapr3D, haipo huko. SketchUp nayo kwenye Android ni ya kutazamia michoro tu. Ya kuchorea iko kwenye iPad. Onshape ipo kote kuwili.

Hatua ya 2. Unafinyanga au unapima? Nomad Sculpt, programu ya kufinyanga, ni tamu, unalipa mara moja, na simba wa juu ya nguzo utamfinyanga kwa kidole kama udongo. Lakini geti ni vipimo. Mteja akisema bomba la milimita 40 liwe 50, utaanza upya. Kwa kazi ya geti sitaki hata kuiona.

Hatua ya 3. Bando. Onshape inataka mtandao muda wote. Mtandao ukisuasua uko saiti Nala, umekwama. Ile ya bure inaanika michoro yako hadharani, na hairuhusiwi kwa biashara. Shapr3D inachora hata bila mtandao, ila ya bure inakupa michoro miwili tu. Mimi nalipia Shapr3D, na sibishani na mtu.

Hatua ya 4. Kutoa faili. Hapa ndipo nilipoliwa, kwa hiyo soma taratibu.

Mashine ya kukatia maua ya geti inataka DXF, yaani faili la mistari ya mchoro. Kabla hujalipia programu yoyote, hakikisha kifurushi unachonunua kinatoa DXF. Faili la STL usipeleke: hiyo ni ya kuprinti vitu vya 3D, na ndani yake hakuna kipimo, ni namba tupu. DXF nayo ina mtego wake, maana programu nyingine zikiifungua hazijali kama ulichora kwa milimita au inchi.

Nilichora paneli ya ua ya milimita 900 kwa geti la mteja wa mtaa wa Kisasa. Fundi wa mashine akanipigia: "Fundi, ua lako lina karibu mita ishirini na tatu!" Programu yake ilisoma 900 kama inchi. Nikamwambia apunguze tu. Akapunguza kwa macho hadi likaingia kwenye shiti la chuma la futi 4 kwa 8, akakata. Paneli ikatoka 872. Upenyo wa milimita 14 kila upande; mbwa hapiti, lakini mteja anauona kila akifungua. Nikaziba kwa flatiba (chuma bapa), hela yangu.

Siku hizi pembeni ya kila mchoro naweka kiboksi cha milimita 100 kwa 100. Nampigia fundi wa mashine: pima kiboksi kwanza. Kikisoma 2540, agawanye mchoro wote kwa 25.4, asikisie. Kikisoma 100, akate. Kiboksi chenyewe akifute kwanza, la sivyo nacho kitakatwa, na shiti unalilipia wewe. Kagua pia mistari iliyolaliana, kwa sababu mashine itapita mara mbili palepale na kuchoma ukingo. Mstari usiofunga nao unaacha ua limening'inia.

Hatua ya 5. Kalamu. Ulizia inayoendana na iPad yako: Apple Pencil ya kizazi cha pili haifanyi kazi kwenye iPad ya kizazi cha tisa.