Somo: Kitambaa cha mifuko ya plastiki kwa pasi, hadi kushona kizibao

Nimeliandika somo hili mahali pamoja kwa sababu swali la kwa nini plastiki iliyopigwa pasi hutoboka linaulizwa kila mara, na jibu lake haliishii katika sentensi moja. Vazi la taka linalochanika siku ya kwanza hurudi jalalani lilikotoka, kwa hiyo uimara wa kitambaa ninauweka mbele ya urembo wake.

Vifaa ni mifuko ya polithini, karatasi ya kuokea, pasi kavu isiyotoa mvuke, kitambaa cha pamba cha kutandika mezani, mkasi na cherehani.

1. Osha mifuko kwa sabuni na uianike hadi ikauke kabisa.

2. Soma nambari iliyo ndani ya alama ya pembetatu. Nambari 2 ni mfuko mwembamba unaochakarisha, na nambari 4 ni ule laini unaovutika. Yote miwili inafaa, lakini usiichanganye katika kipande kimoja, kwa kuwa nambari 4 huyeyuka mapema zaidi. Nambari 3 ni PVC, plastiki ya aina nyingine isiyo polithini, nayo usiipige pasi kamwe, kwani ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayochoma macho na mapafu. Mfuko usio na alama yoyote uache.

3. Kata vishikio na mshono wa chini, kisha ufungue mfuko uwe bapa.

4. Panga matabaka 6 hadi 8, maandishi yakiangalia ndani, maana wino ukipata joto hugandia karatasi.

5. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Fungua madirisha, weka karatasi ya kuokea juu na chini ya plastiki, na uanze na joto dogo la pasi ukipandisha polepole. Anzia katikati kuelekea kingoni ili hewa itoke, wala pasi isisimame mahali pamoja hata kidogo, kwa sababu plastiki iliyozidiwa na joto hujivuta pembeni na kuacha tundu. Geuza upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Ukiona moshi, joto limezidi: ondoa pasi mara moja. Usibandue karatasi kabla haijapoa. Weka kitu kizito na bapa juu yake, la sivyo kipande kitapinda na hakitanyooka tena. Kikishapoa, jaribu kukwangua pembe kwa ukucha. Matabaka yakiachana, rudia. Yakishikana na kujikunja pamoja kama ngozi nyembamba, kitambaa kimeiva.

6. Kata kizibao sasa, si kabla ya pasi, kwa kuwa plastiki husinyaa. Chagua kiolezo chenye vipande vichache.

7. Shona kwa mshono mrefu wa milimita 4 hivi. Kila tundu la sindano hubaki daima, kwa hiyo tumia vibanio badala ya pini, na usitarajie kufumua. Tia bitana ya pamba, kwa sababu plastiki hainyonyi jasho.

MASWALI

Swali: Nimeweka mifuko miwili tu na imetoboka. Naona njia hii haifai.
Jibu: Hatua ya 4 imetaja matabaka 6 hadi 8. Jaribu hivyo kwanza, kisha tuijadili njia.

Swali: Je, gazeti linaweza kuchukua nafasi ya karatasi ya kuokea?
Jibu: Hapana. Litagandia.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nikitaka picha ndani ya kitambaa chenyewe, naweza kuweka nyuzi na vipande vya rangi kati ya matabaka?
Jibu: Marahaba, na hilo ndilo linalolifanya vazi kuwa sanaa. Tabaka la juu liwe mfuko angavu, na kila pambo lizungukwe na nafasi tupu ya sentimita 1 au zaidi, ili plastiki ishikane na plastiki pande zote. Nyuzi nyembamba na vipande vya rangi vilivyokatwa kutoka mifuko ya aina ileile hukaa vizuri. Majani na maua mabichi yaepuke, kwa sababu maji yake hugeuka mvuke na kuinua malengelenge. Tengeneza kwanza kipande kidogo cha majaribio.

Swali: Kinafuliwaje?
Jibu: Kifute kwa kitambaa chenye maji baridi na sabuni. Usikipige pasi, na usikivae karibu na moto, kwani polithini inayowaka hudondosha matone yanayoshika ngozi.

Swali: Mabaki ya mifuko nayatupa?
Jibu: Usitupe. Kata mfuko kwa upana uwe pete za sentimita 3 hivi, upitishe pete moja ndani ya nyingine na kuikaza, nawe utapata uzi wa kufumia mkanda kwa kroshia.

Mchango wa mwanachama: Mimi huukata mfuko kwa kuzunguka tangu mdomoni hadi chini bila kuinua mkasi. Hutoka ukanda mmoja mrefu usio na fundo.
Jibu: Ahsante sana, njia hiyo ni bora kuliko yangu, hasa kwa mkanda unaogusa mwili.