Kufungulia Magofu ya Gede Wenye Viti vya Magurudumu na Wasioona

Mtu akiambiwa afungulie magofu watu wenye ulemavu, hukimbilia rampu, yaani mteremko wa kupitishia magurudumu. Gede, mji wa kale wa Waswahili kusini mwa Malindi, taabu huanza kabla hujafika ukutani: mchanga, mizizi, majani yanayoteleza.

Hatua ya 1. Alika anayetumia kiti cha magurudumu na asiyeona, wapite njia nzima toka langoni hadi msikiti mkuu. Fuata nyuma na futi na pima maji. Usimsukume mtu wala kumwelekeza. Wanapokwama, tia alama. Walipe kama umlipavyo fundi.

Hatua ya 2. Kibali cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Gede imo katika Urithi wa Dunia tangu 2024, na shimo la nguzo moja tu laweza kukata tabaka ambalo halijachunguzwa. Basi ongeza juu, usichimbe.

Hatua ya 3. Njia. Hapa ndipo pesa nyingi ziende. Upana usipungue sentimita 120, na penye nafasi acha 150 kwa 150 za kugeuzia kiti. Tandika kitambaa cha kuzuia udongo usichanganyike, mwaga changarawe ndogo, shindilia mpaka gurudumu lisizame. Iinamishe kidogo upande mmoja, sentimita 2 kwa kila mita, ili maji ya masika yasituame. Mzizi usiukate, kwani mwingine ndio ulioshikilia ukuta. Uzunguke, au inua njia polepole ipite juu yake.

Hatua ya 4. Vizingiti. Kipimo ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 chataka rampu ya sentimita 180. Iwe ya mbao, ikalie mifuko ya mchanga, isipigiliwe popote. Saruji usiilete kabisa. Ni ngumu kuliko chokaa na mawe ya matumbawe, nayo hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta.

Nyua za kasri ziko chini ya usawa wa ardhi, na rampu ndefu ingezimeza. Mimi naziacha. Tengeneza pa kutazamia penye kivuli, pasiwe na kizuizi mbele ya macho ya aliyeketi.

Hatua ya 5. Kwa wasioona, weka mfano wa kushika wa kaburi la mwaka 1399 lililomo magofuni, na mwongoza wageni aeleze kwa vipimo na pande, aache "hapa" na "pale". Mfano uwe mzito: kima wa Gede hawasazi kitu chepesi.