Somo: Kupakia mbata za kichele (zilizomwagwa bila magunia) jahazini, Lamu hadi Mombasa

Petroli kila baharia anaiogopa. Mbata hapana, kwa kuwa ni nazi iliyokaushwa tu, tumeikaanga jikoni tangu utotoni. Lakini kanuni za IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, za shehena ngumu za kichele, ambazo ni lazima kwa meli tangu 1 Januari 2011, zinaiweka mbata kwenye daraja 4.2, namba UN 1363: vitu vinavyojipasha moto vyenyewe. Chombo kikiwa kidogo, joto ni lile lile.

1. Kagua ukavu. Karibu nusu ya uzito wa nazi mbichi ni maji; mbata ya kusafirishwa isizidi unyevu wa asilimia 5. Kama huna kipimo, toa kipande katikati ya lundo, si cha juu kilichopigwa jua. Kikavu huvunjika kwa mlio. Kikipinda, au ukiona ukungu wa kijani, kirudi kwenye jamvi, na mwenye mali akinuna na anune.

2. Andaa ngama, yaani chumba cha mzigo chini ya chombo. Fua maji, kausha, tia kalafati panapovuja, tandika majamvi. Mbata isilale karibu na injini.

3. Njiani. Mvua ikija, funika turubai. Ikikatika, funua upepo upite juu. Asubuhi na jioni chomeka nondo katikati ya lundo, ngoja kidogo, uitoe uishike usikie kama imepata moto.

4. Kushuka ngama. Hapa ndipo watu wanapokufa. Mbata hula oksijeni kimya kimya. Masika mmoja tulifunga mlango siku tatu, kijana wetu akashuka kuchukua upo wa kutolea maji. Nilimwona ameshika ngazi, mkono ukamlegea, akakaa juu ya mbata kama mwenye usingizi. Hakukohoa, hakuita. Mwenziwe alitaka kumfuata. Nahodha akamkamata shati. Tulimvuta kwa kamba iliyokuwa kiunoni mwake, akapona. Kwa hiyo: fungua, acha upepo uingie vya kutosha, pima hewa mpaka chini, na kipimo kisome karibu asilimia 21. Anayeshuka afungwe kamba, juu abaki mtu. Akianguka, usimfuate.

MASWALI

*Matondoni:* Mwalimu, wazee walishusha taa, ikizimika, hamshuki. Haitoshi?

Haitoshi, ndugu yangu. Taa yaweza kuendelea kuwaka na hewa imeshapungua. Tena unashusha moto juu ya mafuta makavu. Changeni mnunue kipima oksijeni, kimoja kwa chombo.

*Malindi:* Shikamoo mwalimu. Ikianza kutoa moshi baharini, tufungue tumwagie maji?

Marahaba. Msifungue. Moto unangoja hewa hiyo. Fungeni mlango, zibeni kila upenyo kwa matanga yaliyolowa, mabaharia wote wawe juu, elekeeni bandari ya karibu na mpige simu mapema. Mkifika, msifunue kabla ya zimamoto kuwa tayari.

*Faza:* Nikiitia kwenye magunia, nimesalimika?

Hapana, mwanangu. Mbata isiyokauka hupata moto ndani ya gunia vilevile. Acha vijia vya upepo kati ya safu, na gunia lililoloa wakati wa kupakia lishushwe gatini, hata kama ni moja.