Ukiandikiwa kwamba mtambo wako wa mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) umevunja hataza

Barua kama hiyo usiijibu siku ileile. "Tulikuwa hatujui, tutaacha" inaweza kusomwa mahakamani kuwa umekiri. Taka kwanza kwa maandishi namba ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake), tarehe ya kuombwa na mahali iliposajiliwa. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani, Namba 4 ya 2008, na usajili uko BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, ni cha Bara. Hataza ya Ulaya peke yake haizimi mtambo wa Wete, ila inaweza kuyazuia mafuta yako yakifika sokoni kule. Ulizia pia kama ada za kuihuisha zimelipwa.

Halafu soma madai yaliyo mwishoni mwa hataza, yaani sentensi zinazotaja hasa kinachokingwa, si jina lake. Mwaka 1873 Louis Pasteur alipata hataza mbili Marekani zilizohusu bia: moja ilikinga njia ya kuipika, nyingine hamira safi yenyewe kama bidhaa. Anayekudai ameshika ipi?

Ikiwa ni njia, likate dai la kwanza vipande vipande. Tuseme linataja kusaga makonyo, kuyapitishia mvuke, kuupoza, kutenga mafuta, kisha kurudisha maji kwenye pipa. (Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama, maji ya juu hubaki na mafuta kidogo, ndiyo sababu ya kuyarudisha.) Chora safu mbili: dai lao, kazi yako. Kwa kawaida lazima vipande vyote viwepo. Kama husagi, au maji unayamwaga, una hoja nzito. Lakini kutwanga kwenye kinu badala ya kusaga kusikupe matumaini: hakimu anaweza kuona ni kitu kimoja.

Vikilingana vyote, pinga kwamba uvumbuzi wao ulikuwa mpya. Tafuta ushahidi wa kabla ya tarehe ya maombi: daftari la mtambo lenye siku, kilo za makonyo, saa za mvuke na lita zilizotoka, stakabadhi ya fundi aliyechomelea kipozeo, picha, watu waliokuja kutazama. Hao watu ni muhimu mno, kwa sababu lililofanywa kwa siri kwa kawaida haliondoi upya wa uvumbuzi wa mwengine. Kwa hilo la siri, muulize wakili kuhusu haki ya mtumiaji wa mwanzo, yaani ya aliyetangulia kuitumia njia hiyo kuendelea nayo. Daftari lililolowa au kuchanika lipeleke hivyo hivyo. Ukilinakili upya kwa wino mmoja umeliua.

Wakiomba kuja kuuona mtambo, wasiingie kabla ya kutia saini mkataba wa kutunza siri.