Kutibu Maji ya Kunywa kwa Chupa na Jua

Huku kwetu Dodoma vijijini mvua ikishakatika, kuiona tena ni Desemba. Maji tunachimba mchangani kwenye korongo, na kuni ziko mbali. Ukimwambia mama achemshe maji ya kunywa kila siku atakuitikia vizuri tu, lakini moyoni anahesabu kuni zake. Ndiyo maana katika kazi yangu ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii napigia debe sana njia ya chupa na jua. Jua tunalo, tena la kutosha, na chupa hazikosekani baada ya kila harusi.

Tuanze na chupa. Iwe ya plastiki nyeupe inayoonesha, hizi za maji au soda, ya lita moja hadi mbili. Igeuze uangalie chini: kwenye alama ya pembetatu kuna namba 1. Chupa ya kijani au ya kahawia haifai, na dumu la lita 20 halifai kabisa kwa sababu mwanga haupenyi. Chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya shamba usiiguse hata kama umeiosha mara ngapi. Bandua karatasi yote, osha kwa sabuni ndani na nje, mfuniko nao usisahau. Usiisugue kwa mchanga kama tunavyosugua sufuria. Mikwaruzo inazuia mwanga na inatunza uchafu. Ikishachakaa na kuwa na ukungu, tafuta nyingine.

Sasa maji yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji yenye tope hayatibiki kwa jua. Vijidudu vinajificha nyuma ya chembe za udongo, mwanga hauvifikii. Kwa hiyo maji ya korongo yaache yatulie usiku kucha ndoo ikiwa imefunikwa, asubuhi yamimine taratibu bila kutibua chini, uyapitishe kwenye kitenge kikuukuu kilicho safi, kilichokunjwa mara nne. Kama bado yana rangi ya chai ya maziwa, tumia mlonge. Chukua mbegu zilizokauka, menya maganda, twanga ile nyeupe ya ndani iwe unga, mbegu moja hivi kwa kila lita. Changanya unga na maji kidogo safi, mimina kwenye ndoo, koroga haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika tano hadi kumi. Acha saa moja au mbili. Utaona tope linajikusanya mabonge na kuzama, maji juu yanabaki meupe. Mlonge unasafisha tu. Maji hayo bado hayafai kunywa.

Kupima ni rahisi. Jaza chupa, isimamishe juu ya gazeti penye herufi kubwa za kichwa cha habari, chungulia kutoka mdomoni mwa chupa hadi chini. Ukizisoma herufi, maji yanafaa kuwekwa juani. Usipozisoma, chuja tena.

Jaza kwanza robo tatu, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 20 hivi ili hewa iingie majini, maana hewa inalisaidia jua kuua vijidudu. Kisha jazia hadi juu, funga. Laza chupa juu ya bati, usiisimamishe. Wanaoishi kwenye tembe walaze kipande cha bati uani, mbali na kuku na kivuli cha mwembe. Kumbuka kivuli kinahama. Weka saa tatu asubuhi, toa saa tisa alasiri. Kinachofanya kazi ni mionzi ya jua inayoharibu vijidudu, na joto la bati linaiongezea nguvu. Mawingu yakifunika nusu ya anga au zaidi, ziache siku mbili mfululizo. Siku ya mvua kutwa, usitegemee jua.

Hili si jambo la kubahatisha. Miaka ya 1990 kule Kajiado, Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto wa Kimaasai: kundi moja chupa zao ziliwekwa juu ya paa, jingine zikawekwa ndani. Waliokunywa ya juani waliharisha kidogo kuliko wenzao.

Mama mkwe wangu alikubali yote hayo, ila maji vuguvugu hayataki. Alikuwa anayamimina kwenye mtungi wake yapoe, na wajukuu wanachota kwa kata ileile, mikono imetoka kuchunga mbuzi. Nikamwambia, "Mama, maji yasitoke kwenye chupa mpaka yaingie kwenye kikombe." Tukaizungushia chupa gunia lililolowa, tukaiweka kivulini penye upepo. Jioni yamepoa na hata yeye anayasifia. Kwangu mimi huu ndio uzuri mkubwa wa njia hii: chupa iliyotibu maji ndiyo inayoyatunza, mkono hauingii. Mimina kwenye kikombe safi, usinywee mdomo, na uyamalize ndani ya siku moja au mbili.

Ili msikwame, kila mtu awe na chupa mbili za lita mbili: moja inanywewa leo, nyingine iko juani kwa ajili ya kesho.

Kuna yasiyotibika kwa jua. Chumvi haitoki, wala madini ya floridi yanayotia meno rangi ya kahawia kule Arusha na Singida, wala sumu za mashambani. Mtoto chini ya miezi sita anyonye tu, asipewe maji yoyote. Na kama nyumbani kuna mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, yake yachemshwe, kwa kuwa vipo vijidudu vyenye ganda gumu vinavyoweza kulistahimili jua la siku moja.

Mvua zikianza na mawingu kutanda, rudini kwenye kuchemsha au dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Chupa zioshe, zikaushe, zifunge na kuzitunza kivulini, maana siku za jua hukosi kuzipata hata katikati ya Januari.