Kabla Hujaifunga Imeji ya Linux

Ukishusha kompyuta 20 za mitumba kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi na kuanza kuziwekea Linux moja moja kwa flashi, siku mbili zimekwisha, na bado kuna moja ambayo utaapa uliiwekea printa kumbe hukuiwekea. Ndiyo maana mafundi wengi hutengeneza imeji: mfumo mdogo unaopangwa mara moja, ukafungwa kuwa faili, kisha faili hiyo ikamwagwa kwenye kila diski. Kazi ya siku mbili inakuwa ya alasiri moja. Ila kosa likiingia kwenye imeji, nalo linanakiliwa mara 20.

Mimi nililipa karo hiyo kwenye maabara moja ndogo huko Umoja. Niliweka Ubuntu Server, aina moja ya Linux, kwenye kompyuta moja, nikainakili kwa nyingine 17, zote zikawaka, nikaagiza chai. Chai haijapoa, intaneti ikaanza vituko: ukiwasha ya tano, ya kwanza inapoteza mtandao. Nikabadilisha kebo. Nikailaumu swichi. Nikapanda dukani kununua swichi nyingine, na pesa hizo hazikurudi. Jioni ndipo nilipoandika ip a, amri inayoonyesha anwani ya mtandao, kwenye mashine mbili zilizokaa bega kwa bega: 192.168.1.37, na jirani yake 192.168.1.37.

Kisa kilikuwa faili moja yenye mstari mmoja, /etc/machine-id. Hicho ndicho kitambulisho cha mfumo, na Ubuntu Server hukitumia kujitambulisha kwa ruta inapoomba anwani. Mashine 18 za modeli moja zilifika kwa ruta na kitambulisho kimoja, nayo ikawapa wote kiti kimoja. Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kuifunga imeji: imwage faili hiyo ibaki tupu, kwa truncate -s 0 /etc/machine-id. Mfumo ukiwaka ukaikuta tupu, utajiandikia namba mpya wenyewe. Ukishaimwaga usiiwashe tena mashine hiyo kabla ya kunakili, la sivyo umerudi ulikotoka.

Funguo za SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, zilizo /etc/ssh nazo ni siri ya mashine moja; zikinakiliwa, aliye na ufunguo wa moja anaweza kujifanya yoyote kati ya zote. Zifute, lakini usitegemee zitajizaa zenyewe. Weka huduma ndogo inayoendesha ssh-keygen -A, amri ya kutengeneza funguo mpya, mara ya kwanza mashine inapowaka. Futa pia historia ya amri na nywila za Wi-Fi zilizo /etc/NetworkManager/system-connections. Ya nyumbani kwako isije ikasambaa mtaa mzima.

Turudi nyuma kidogo, kwenye msingi wenyewe. Kwa Debian, aina nyingine ya Linux, napenda debootstrap, programu inayojenga mfumo kutoka sifuri, ikiwa na --variant=minbase. Inaleta vifurushi (programu) vya lazima pamoja na apt, chombo cha kuvisakinisha, basi. Hakuna kerneli (kiini cha mfumo), hakuna GRUB (programu inayouwasha), hakuna cha kuleta mtandao. Wageni wengi hukwama hapo, wakidhani wamepata mfumo kamili kumbe wamepata kiunzi. Andika mapema, kwenye karatasi ikibidi, vifurushi utakavyoongeza: linux-image-amd64, grub-efi-amd64, systemd-sysv, sudo, locales, network-manager. Weka saa kuwa Africa/Nairobi, na kama wenyeji wanataka Kiswahili, sw_KE UTF-8 ipo.

Kisha zijue mashine zenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya kila modeli uone kama inawaka kwa UEFI, programu ya ubao inayoianzisha mashine, au kwa BIOS ya zamani. Kwa UEFI, weka GRUB ukitumia --removable, kwa sababu kumbukumbu ya mahali pa kuwakia hukaa kwenye ubao wa mashine, haisafiri na diski. Hakikisha initramfs, mfumo mdogo wa kuanzia unaopakiwa kwanza, imejengwa kwa MODULES=most; ikiwa dep, inabeba draiva za mashine ile moja tu, na nyingine zitasimama kwenye skrini nyeusi. Kwenye fstab, orodha ya patisheni (sehemu za diski) za kufungua, andika UUID, namba ya kipekee ya patisheni; usiandike /dev/sda1, maana patisheni hiyo kwenye mashine nyingine huweza kuitwa nvme0n1p1. Kuhusu Wi-Fi, Debian ilianza kuweka fimwea (programu za ndani ya vifaa) zisizo huru kwenye kisakinishi chake rasmi toleo la 12, mwaka 2023. Ukijenga kwa debootstrap, kuziongeza ni juu yako.

Ukubwa nao. Jenga kwenye diski ndogo, GB 8 zinatosha, na patisheni ya mfumo iwe ya mwisho. Kukuza ni rahisi: growpart kwa patisheni, kisha resize2fs kwa mfumo wa faili, dakika haipiti. Kupunguza ndiko kunakotoa jasho, na XFS, mfumo mwingine wa faili, karibu haipungui kabisa. Endesha apt clean (hufuta vifurushi vilivyoshushwa) kabla ya kufunga, bana kwa zstd, programu ya kubana faili, halafu hifadhi kando ya faili jibu la sha256sum, alama ya kuthibitisha kuwa faili haijaharibika. Kama flashi yako imepangwa kwa FAT32, mfumo wa faili wa zamani, faili moja haiwezi kufika GB 4, na utaligundua hilo saa ambayo duka la flashi limefungwa.

Siku ya kazi yenyewe, lsblk (orodha ya diski) kabla ya kila dd (amri inayomwaga imeji kwenye diski). Kila mara. dd haiulizi swali, na diski iliyofutwa kimakosa huwa ndiyo ile yenye picha za harusi. Stima ikipotea katikati, diski hiyo ianzishwe upya; usijaribu kuunga. Kwa hiyo kugawa imeji mimi hutumia laptopu yenye betri nzima.

Lingine ni umri. Imeji ya miezi sita ina mashimo ya usalama ya miezi sita, na mashine 20 zikianza kuvuta masasisho kwa pamoja, bando linakauka. Weka apt-cacher-ng, ghala la vifurushi, kwenye ile laptopu, bandari 3142: kila kifurushi kinashuka kutoka intaneti mara moja tu, wengine wanachota hapo. Imeji yenyewe naitupa bila huruma. Ninachokitunza ni skripti inayoijenga, na jina la faili huwa na tarehe.